UZI: Programa ya chipu na adapta kwa wanaojitengenezea katriji za gemu za zamani, usinunue kitu kabla hujapita hapa

#1 Kisanduku8

Wakuu heshima kwenu. PM zimekuwa nyingi na swali ni lilelile, mmoja ana gemu aliyoitengeneza mwenyewe anataka kuiweka kwenye katriji ya Game Boy, mwingine ana Mega Drive ya kaka yake, mwingine ana ile TV gemu ya Kichina ya katriji za manjano, wote wanauliza "mkuu ninunue programa gani" (yaani kile kifaa cha kuandikia gemu kwenye chipu), nimeona bora nifungue uzi mmoja tuumalize humu humu na wenye ujuzi mchangie.

Niseme ukweli, swali lenyewe limeshikwa mkiani. Programa ndio kitu cha mwisho kuchagua. Anza na konsoli, konsoli itakupa bodi, bodi itakupa volti na umbo la chipu, umbo litakupa adapta, hapo sasa ndio unafungua orodha ya programa unaangalia ipi inaitambua hiyo chipu. Ukienda kinyumenyume utaletewa boksi limejaa adapta za rangi zote na hakuna hata moja inayoingia chipu uliyonayo mkononi.

Chipu tunazokutana nazo ziko namna tatu. Kuna EPROM, familia ya 27, zile zenye kidirisha cha kioo juu. Hizi kuzifuta lazima uziweke kwenye kisanduku cha taa ya UV dakika 15 au 20 hivi, na kuziandika zinataka volti kubwa kuliko 5, nyingi ni kama 12.5 kwenye pini ya VPP, ile ya umeme wa kuandikia. Zisizo na dirisha zikiandikwa zimeandikwa, ukikosea ni pambo la mezani. Halafu kuna flashi za volti 5, hizi ndio roho yangu, SST39SF010A, 020A na 040, na AM29F040B, zinafutwa kwa umeme, SST ukiiambia ifute chipu nzima inamaliza kwa sehemu ya kumi ya sekunde hivi, haitaki VPP wala taa. Tatu ni flashi za volti 3.3, zile 29LV na S29GL, kubwa, rahisi bei, na ndio zinazoleta ugomvi kila siku, tutafika huko.

Halafu tahadhari ya namba maana hapa wengi wanapigwa. 27C512 sio KB 512, hiyo 512 ni kilobiti, gawa kwa 8 unapata KB 64. 27C256 ni KB 32. Lakini 27C040 ni megabiti 4, yaani KB 512. Na SST39SF040 nayo ni KB 512. Kwa hiyo usisome namba kwa macho tu, fungua datashiti.

Programa sasa. Kama unaanza leo na hela ya programa moja tu, chukua XGecu T48, uchi, bila furushi la adapta. Ina soketi ya pini 48, inatoa VPP mpaka volti 25. TL866II Plus ndio iliyotangulia, bado ziko mtaani nyingi used na ni nzuri tu, ila soketi yake ni pini 40 na VPP inaishia 18. Hizo tofauti mbili kwa mtu wa Game Boy hazimhusu kabisa, kwa mtu wa Mega Drive zinamhusu sana. Adapta nunua moja moja kwa chipu uliyokwisha kuiamua.

Karibuni, ulizeni mkitaja konsoli na bodi, ukiniuliza "programa ipi kali" nakupita.

#2 mtaa_wa_pili

Nimeweka kiti hapa. Hatimaye uzi wenye akili.

#3 FundiTV_Moro

Mkuu Kisanduku8 asante kwa uzi. Mimi ni fundi TV nina CH341A ninaflashia 25Q32 na 25Q64 kila siku na nina zile adapta zake za kijani. Sasa kuna dogo kaniletea katriji anataka nimuwekee gemu, hiyo CH341A si inatosha? naona hata kwenye matangazo wameandika yunivaso

#4 Kisanduku8

@FundiTV_Moro haitoshi mkuu na wala sio suala la ubora. CH341A ni ya chipu za siriali, familia ya 24 na 25, zile za miguu 8, data inapita kwenye waya mmoja mmoja kwa zamu. Chipu ya katriji ni paraleli, ina pini za adresi kuanzia 15 na kuendelea, pini za data 8 au 16, konsoli inaitaja adresi na chipu inajibu hapo hapo. Hizo pini zote CH341A haina. Hiyo "yunivaso" ya matangazo maana yake inaandika chipu nyingi za siriali basi.

Ila wewe kama fundi una vitu vingine ambavyo wenzako humu hawana, una blowa, una mkono wa kulehemu miguu midogo, una macho ya kusoma datashiti. Kilichobaki ni programa tu. Na kama ofisini una RT809H angalia orodha yake kabla hujaagiza kitu.

#5 Luthuli_Finest

Niko Nairobi, nimesoma hii thread yote na nina ubishi kidogo na mwenye uzi. Kwa mtu wa Game Boy hiyo T48 ya nini? Nunua GBxCart RW ya insideGadgets, chomeka katriji nzima, fungua FlashGBX kwa laptop yako, iwe Windows, Mac ama Linux, inaandika gemu ikiwa ndani ya katriji na inasoma sevu pia. Hakuna adapta, hakuna kutoa chipu, hakuna kulehemu kila mara umebadilisha laini moja ya kodi. Mimi nafanya gemu na GB Studio na nabadilisha mara kumi kwa siku, sasa wewe unataka nitoe TSOP, ile chipu nyembamba ya miguu midogo, kila saa?

#6 Kisanduku8

@Luthuli_Finest hapo nakubaliana na wewe robo tatu. Kwa anayefanya Game Boy peke yake na bodi yake ni ya flashi, programa ya mdomo wa katriji inashinda kila kitu, sina ubishi. Robo iliyobaki ni hii, bodi lazima iwe imepangwa kwa kazi hiyo. Kuandika flashi unahitaji laini ya WE, ile inayoiruhusu chipu iandikwe, ifike kwenye mdomo wa katriji. Mdomo wa Game Boy una pini 32, bodi nyingine zinapitisha WE kwenye pini ya 3 ambayo ni WR yenyewe, nyingine zinaipeleka pini ya 31 ambayo asili yake ni ya sauti. FlashGBX inajua njia zote mbili. Lakini kama bodi yako ni ile ya zamani iliyotolewa mask ROM (chipu ya gemu ya kiwandani isiyoandikika) ikapachikwa EPROM, WE haipo kabisa, na EPROM yenyewe inataka volti 12, hapo GBxCart itasoma tu haitaandika.

Halafu mtu mwenye konsoli tatu atanunua programa tatu za midomo?

#7 Luthuli_Finest

Sawa hiyo ya konsoli tatu nimekubali. Lakini mtu mwenye moja asidanganywe, hiyo tu.

Na nyinyi wa GB Studio, gemu zake zinatoka kwa MBC5 (hiyo ni mapa, chipu ya kubadilisha benki za gemu), so usiende kununua ile bodi ndogo ya KB 32 isiyo na mapa ukifikiri itaingia. Haitaingia. KB 32 ni ya wale wanaandika asembli ama C na gemu ndogo. MBC5 inafika MB 8, MBC1 inaishia MB 2. Bodi zingine zinataka hiyo MBC5 uitoe kwa katriji ya zamani, zingine zina CPLD yao (chipu ya kupangwa inayofanya kazi ya MBC5) imeshawekwa, uliza muuzaji kabla hujalipa.

#8 mdogo_wa_Ubungo

Samahani wakuu mimi ni mwanafunzi wa chuo sina hela ya T48 wala hiyo GBx. Nina Arduino Mega tu ya mradi wa mwaka jana. Kuna namna?

#9 Dada_Saketi

Ipo mdogo wangu, tena nzuri. Mega ina pini za kutosha na inafanya kazi kwa volti 5, kwa hiyo SST39SF040 unaweza kuiandika moja kwa moja bila adapta wala VPP. Pini 19 za adresi, 8 za data, CE ya kuiamsha chipu, OE ya kuisoma, WE ya kuiandika, VCC ya umeme na ardhi, imekwisha. Kila baiti unayoandika unatanguliza amri, unaandika AA kwenye adresi 5555, halafu 55 kwenye 2AAA, halafu A0 kwenye 5555, ndipo baiti yako. AM29F040B inafuata mtindo huohuo ila adresi ni 555 na 2AA, usichanganye. Itakuwa polepole ukilinganisha na programa ya dukani kwa sababu data inapita kwenye bandari ya siriali, lakini gemu ya KB 32 utaiona inaisha.

Kuhusu EPROM sahau, Mega haina volti 12 na usijaribu kubuni kwa betri.

Kitu kimoja cha kuangalia usichokiona kwenye video nyingi, SST39SF040 na 27C040 zote zina miguu 32 na watu wanadhani zinabadilishana. Kwenye SST pini ya 1 ni A18 na ya 31 ni WE. Kwenye 27C040 pini ya 1 ni VPP na A18 iko 31. Ukichomeka SST kwenye bodi iliyochorwa kwa 27C040 bila kuhamisha hizo mbili, konsoli itakuwa inagusa WE kila ikibadilisha benki. Kwenye bodi yako WE ifunge kwenye VCC kama huiandikii ndani ya katriji.

#10 mdogo_wa_Ubungo

Dah asante dada, nimeprintisha hii. Sasa gemu yangu ni KB 32 na chipu ni KB 512, nafasi iliyobaki inafanywaje?

#11 Dada_Saketi

Njia mbili. Ama A15 mpaka A18 uzifunge kwenye ardhi, chipu itabaki inaona KB 32 za mwanzo tu. Ama uirudie gemu mara 16 kwenye faili moja uandike zote, hapo hata laini ya juu ikielea bado konsoli itakuta gemu ileile. Mimi nafunga kwenye ardhi, pini inayoelea siipendi.

#12 MegaTanga

Kisanduku8 umegusa Mega Drive juu juu ukapita. Mimi nina TL866II Plus, nimetengeneza gemu kwa SGDK ina kama MB 3, muuzaji kaniambia ninunue 27C322 na "adapta ya 27C160/322" lakini hakunieleza kitu. Hiyo adapta inafanyaje kazi na kwa nini ina swichi?

#13 Kisanduku8

Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri.

27C160 ni MB 2 na 27C322 ni MB 4, zote zina miguu 42 na data biti 16. TL866II Plus ina soketi ya pini 40. Tayari hapo haziingii, na zingeingia bado programa ingekosa pini za kuendeshea adresi za juu. Kwa hiyo mafundi walichofanya ni kuidanganya programa. Adapta inaifanya chipu ionekane kama ndogo ya miguu 40 yenye KB 512, na adresi za juu, A18, A19 na A20, zimetolewa nje kwenye swichi unazipandisha na kuzishusha kwa mkono. 27C160 ina swichi mbili za kushughulika nazo, maana yake vipande 4. 27C322 ina tatu, vipande 8. Unaikata faili yako vipande vya KB 512, unaandika cha kwanza swichi zote chini, unabadilisha swichi, cha pili, unaendelea hivyo mpaka mwisho. Inafanya kazi, nimeona watu wengi wanatumia, lakini ni kazi ya mtu mwenye subira, ukisahau swichi moja umeandika kipande juu ya kipande na EPROM haina kurudi nyuma, ni kwenye taa ya UV tena.

Halafu kuna mtego wa pili ambao wauzaji hawausemi. 27C160 na 27C322 miguu yake hailingani yote. Kwenye 160 pini ya 32 inabeba BYTE na VPP, kwenye 322 pini hiyohiyo ni A20, na VPP imehamia kwenye pini moja na G, ambayo ndiyo OE. Kwa hiyo adapta iliyochorwa kwa ajili ya 160 tu ukiiwekea 322 unapeleka volti 12 kwenye mguu wa adresi. Adapta nzuri ina jampa ya kuchagua kati ya hizo mbili, kama huioni jampa usiichomeke.

Ndio maana nikasema kwa mtu wa Mega Drive tofauti ya T48 inaonekana. Soketi yake ni pini 48, chipu za miguu 42 zinakaa zenyewe bila swichi. Bado fungua Xgpro, softwea ya T48, kwanza uitafute chipu kwa jina lake kamili pamoja na herufi za kiwanda, usinunue kwa kuniamini mimi.

#14 MegaTanga

Nimekuelewa kabisa. Na ile habari ya kugeuza baiti?

#15 Luthuli_Finest

Hiyo wacha nijibu. Faili ya Mega Drive ya .bin baiti zake zimepangwa kubwa mbele, na programa nyingi zikiandika chipu ya biti 16 zinachukua ndogo kwanza. So unageuza kila jozi kabla ya kuandika. Kwa Linux ni dd na conv=swab, imeisha. Kujua uko upande gani fungua faili kwa hex edita uangalie adresi 100, faili ya kawaida utasoma SEGA, ukishageuza utasoma ESAG. Kwa chipu ya biti 16 unataka ESAG kwenye bafa kabla ya kuandika, kama adapta yako haigeuzi yenyewe.

Kama faili yako ni .smd wacha kabisa, hiyo ina heda ya baiti 512 na imechanganywa vipande vipande, igeuze iwe .bin kwanza. Lakini wewe umetoka SGDK so utakuwa na .bin tayari.

#16 Kisanduku8

Sahihi. Na nyongeza, Mega Drive bila mapa inaishia MB 4, kwa hiyo 27C322 moja ndio mwisho wa safari, usihangaike kutafuta kubwa zaidi.

#17 Bei_Poa_Store

Wakuu mbona mnajipa kazi, ziko flashi za 29LV MB 8 bei ya soda, na bodi zake za Mega Drive na SNES zinauzwa tayari, unalehemu unacheza. Mimi nimeuza nyingi hakuna aliyerudisha. TSOP48 adapta ninazo pia.

#18 Dada_Saketi

Ndugu Bei_Poa, hizo bodi zako zina chipu za kubadilisha volti? Maana picha uliyoweka kule sokoni naona flashi moja, kapasita mbili, na regyuleta tu.

Wasomaji wengine elewa hivi. 29LV ni chipu ya volti 3.3. Mega Drive, SNES, NES, Game Boy ya kijivu, zote nyaya zake za adresi na data ni za volti 5. Regyuleta inashusha umeme wa kuilisha chipu tu, haishushi mawimbi ya adresi na data. Kila mara konsoli ikiitaja adresi inasukuma volti 5 kwenye mguu wa chipu ya 3.3, na kwenye data vyote viwili vinaandika na kusoma kwenye waya mmoja, hapo umeme unatafuta pa kupita na unapita kwenye kinga za ndani ya chipu. Itawaka, ndio. Itacheza, ndio. Inachoka polepole na wakati mwingine inaichosha na konsoli yenyewe, na chipu za video na CPU za Mega Drive huendi kununua dukani kesho.

Bodi iliyofanywa kwa heshima ina 74LVC245 au 74ALVC164245 kati ya mdomo na flashi. Zinaonekana kwa macho, ni visanduku virefu vya miguu 20 au 48. Huvioni, usinunue.

Isipokuwa Game Boy Advance. Ile ni ya volti 3.3 kwa hiyo 29LV iko nyumbani.

#19 Bei_Poa_Store

Sawa dada lakini wateja wanataka bei ndogo, nikiweka hizo chipu bodi inapanda. Tuachiane riziki

#20 Kisanduku8

Riziki hatukunyimi mkuu, andika tu kwenye tangazo kwamba haina kibadilisha volti, mteja aamue mwenyewe.

Na kwa kuwa umetaja adapta za TSOP48, kuna jambo. Adapta ya TSOP48 ya flashi za NAND na ile ya NOR zinafanana kama mapacha kwa nje, soketi ileile, rangi ileile, lakini nyaya za chini ni tofauti. Gemu zetu zinakaa kwenye NOR. Ukiletewa ya NAND utaona programa inalalamika pini hazigusi utasafisha miguu mpaka iishe. Soma maandishi kwenye bodi ya adapta na ulinganishe na jina ambalo softwea yako imelitaja kwa chipu hiyo, Xgpro ukichagua chipu inakuonyesha adapta inayotakiwa.

#21 contra_maisha_30

Jamani na sisi wa TV gemu za katriji za manjano? Nina katriji nne zimekufa nataka kuweka gemu yangu ndogo nimeandika kwa cc65. Nimeshachukua T48 ya jamaa kwa kuazima.

#22 Kisanduku8

Karibu, hii ndio rahisi kuliko zote kama gemu ni ndogo. Hizo mashine ni kloni (nakala) za Famicom, NES ya Japani, mdomo wa pini 60. NES ya Ulaya na Marekani ni pini 72 na ina chipu ya kufuli, ukitengeneza katriji ya NES lazima uweke mbadala wa hiyo kufuli, watu wanatumia ATtiny13. Famicom haina kufuli, wewe umepona hapo.

Gemu ya NES ina chipu mbili tofauti, PRG ya kodi na CHR ya picha. Kama gemu yako ni NROM, PRG ni KB 16 au 32, CHR ni KB 8. Faili lako la .nes lina heda ya baiti 16 mwanzoni, hiyo ni ya emuleta, konsoli haiijui, ikate. Baiti ya tano ya heda inakuambia PRG ni vipande vingapi vya KB 16, ya sita CHR ni vipande vingapi vya KB 8, ukishakata heda unagawa faili kwa hesabu hiyo, unapata mafaili mawili unaandika chipu mbili. Usipokata heda kila kitu kinasogea baiti 16 na utaona skrini ya rangi moja tu.

Hizo katriji za manjano zilizokufa lakini nyingi ndani zina lile doa jeusi la gundi badala ya chipu. Hapo hamna cha kutoa wala cha kupachika, tumia ganda lake tu na bodi mpya.

#23 contra_maisha_30

nimefungua, kweli zote nne ni doa jeusi 😂 ganda nalichukua

#24 wa_Arusha_retro

Naomba na SNES kidogo. Nina bodi ya asili yenye mask ROM ya miguu 32 na nimenunua 27C801, zote 32, naweza kubadilisha moja kwa moja?

#25 Dada_Saketi

Huwezi. Miguu ni 32 kote lakini mpangilio sio mmoja. Mfano pini ya 24, kwenye 27C801 ni OE, kwenye mask ROM ya SNES hapo pana A16, na OE imekaa 31. Laini nyingine za juu nazo zimehama. Unainua miguu kadhaa ya EPROM unaiunganisha kwa waya, au unanunua bodi ndogo ya kati inayohamisha. Kasi pia iangalie, gemu ikiwa FastROM, yaani inayosoma chipu kwa kasi, inataka chipu ya nanosekunde 120 au pungufu, SlowROM hata 200 inatosha.

Na kama bodi ni ya asili na gemu yake bado inawaka, tafadhali usiitoboe. Bodi mpya zipo.

#26 FundiTV_Moro

Nimerudi wakuu, T48 imefika. Nimenunua na SST39SF040 kutoka mtandaoni bei nzuri sana, sasa kila nikiandika inaniambia ID sio sahihi. Jamaa hapa ananiambia nizime tu hicho kipengele cha kuangalia ID, nizime?

#27 Kisanduku8

Usizime kwanza, hiyo ndio inakusaidia. Inakuonyesha ID gani imesoma?

#28 FundiTV_Moro

BF B5

#29 Kisanduku8

Basi umeuziwa kanzu ukapewa kaptula. BF ni kiwanda, SST, hilo sawa. B5 ni 39SF010A, KB 128. B6 ni 020A. 040 ingesoma B7. Hiyo chipu imekwanguliwa juu ikaandikwa jina la kubwa. Chukua kitambaa chenye asitoni usugue juu, maandishi ya wino mara nyingi yanaondoka, ya leza ya kiwandani hayaondoki. Piga picha ya ID na ya chipu, mfungulie muuzaji malalamiko kabla muda haujaisha.

Na ungezima ID ungeandika KB 128 za mwanzo vizuri, zilizobaki zingezunguka zikajiandika juu ya za kwanza, ungebaki unalaumu bodi.

Hii familia Microchip bado wanaitengeneza mpya kabisa, kwa hiyo hakuna sababu ya kubahatisha, agiza kwa wasambazaji wakubwa hata kwa kuchangiana watu kadhaa mzigo mmoja. Bahati nasibu iache kwa 27C322 ambazo ST walishaacha kuzitengeneza, zile karibu zote ni za kutolewa kwenye bodi kuukuu, nunua zaidi ya unayohitaji na uzisome kama ni tupu kabla hujaziandika.

#30 mdogo_wa_Ubungo

Wakuu nimefanikiwa kuandika kwa Arduino Mega!! nimesoma tena baiti zote ziko sawa. Lakini nikiweka kwenye Game Boy pale juu linashuka doa jeusi badala ya neno Nintendo halafu inaganda

#31 Luthuli_Finest

Hongera. Doa jeusi maana yake mashine inasoma FF kila mahali, yaani haioni katriji kabisa. Nembo iko kwa adresi 0104 mpaka 0133, Game Boy inaichora kutoka kwa katriji yako na inalinganisha na yake, zisipolingana inaganda. Ingekuwa nembo imepindapinda ningesema laini moja ya data ama mdomo mchafu. Nyeusi yote, angalia CE na OE zimefika kwa chipu, na VCC. Chukua mita, gusa pini ya 1 ya mdomo na mguu wa 32 wa chipu, lazima ilie.

#32 mdogo_wa_Ubungo

Imelia. OE ndio haikulia, risasi haikushika. Narudia kulehemu.

#33 mdogo_wa_Ubungo

IMEWAKA

#34 mtaa_wa_pili

Hongera dogo!! Sasa na mimi nijitoe kwenye kiti, niko nataka kuagiza SST39SF040 naona ziko za namna tatu, mwisho wa jina kuna PHE, NHE na WHE, bei zinapishana kidogo. Ipi ya katriji?

#35 Kisanduku8

PHE ni DIP, miguu mirefu ya kupita kwenye mashimo, inakaa kwenye T48 yenyewe bila adapta yoyote, wewe hakikisha tu pini ya 1 iko upande wa mkono wa soketi. NHE ni PLCC, ile ya mraba, adapta yake ni rahisi na haina ujanja kwa sababu namba za miguu ni zilezile za DIP, waya moja kwa moja, lakini nunua na koleo la kuitolea utaivunja soketi ukitumia bisibisi. WHE ni TSOP, nyembamba, mpangilio wa miguu ni mwingine kabisa kwa hiyo adapta yake sio ile ya PLCC.

Angalia bodi yako. Ina mashimo ya DIP chukua PHE. Game Boy ganda lake ni jembamba, DIP ikiwa kwenye soketi halifungi, kwa hiyo bodi nyingi za Game Boy utakuta pedi za PLCC au TSOP, PLCC ndio rahisi kulehemu kwa mkono kati ya hizo mbili. Bodi ipi unayo?